Kabla Hujalilaumu Gitaa, Itazame Piki

Boom likitoka, magitaa huongezeka hosteli. Ikipita miezi miwili, mengi yako chini ya kitanda, na mengine yameshapostiwa kwenye magrupu ya kuuza vitu: "Gitaa linauzwa, halina shida yoyote, sababu ya kuuza ni ubize." Ukimbana mwenyewe akwambie ukweli, ubize haumo. Sauti inakera, nyuzi zinakatika, mkono unachoka, roommate analalamika.

Mimi nasema gitaa mara nyingi linasingiziwa. Tatizo ni kile kipande cha plastiki kinachokaa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, yaani piki, ambacho mtu alikichagua kwa kuangalia rangi au alikikuta tu ndani ya begi la gitaa.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Piki nyembamba, ile ya chini ya milimita 0.6, hupinda inapogusa uzi. Inateleza juu ya nyuzi zote sita bila kukwama, kwa hiyo inafaa kucharaza kordi. Piki nene, kuanzia kama milimita 0.9 kwenda juu, haipindi. Uzi ndio unaolazimika kusogea. Sauti inatoka nzito na kwa wakati uleule mkono unaotaka. Hiyo ni ya kudonoa uzi mmoja mmoja. Katikati hapo, 0.6 hadi 0.8, ni ya mtu anayefanya yote mawili. Namba mara nyingi imeandikwa kwenye piki yenyewe. Isome.

Sasa kuna imani chuoni kwamba piki nene ndiyo ya wakubwa, nyembamba ni ya wanaojifunza. Si kweli. Mpe mpigaji wa kwaya piki ya milimita 1.5, acharaze mapambio saa mbili mfululizo. Atafunika sauti za waimbaji, kiganja kitamkaza, na uzi mwembamba ukikatika atasema nyuzi ni feki. Mpe mpiga solo piki nyembamba, noti zake zitachelewa kidogo na utasikia plastiki inalia "tak tak" kuliko uzi wenyewe. Wote wawili wanaweza kuwa wapigaji wazuri. Kila mmoja ameshika zana ya mwenzake.

Muziki wetu wa dansi ulishalijua hili zamani, ndiyo maana kazi ziligawanywa: gitaa la solo, la rithimu, la besi. Mbaraka Mwinshehe alijulikana kwa solo pale Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Ukisikiliza bendi za enzi zile, usiishie kufurahia tu. Jiulize: katika magitaa haya yote, mimi ni lipi? Jibu hilo ndilo linalokuchagulia piki, si mwalimu wa YouTube anayepiga roki huko kwao.

Imani ya pili inaniudhi zaidi: kwamba anayepiga kwa vidole bila piki ni mshamba. Jamani! Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Kongo. Bosco alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilibeba besi, kidole cha shahada kikabeba wimbo, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Kwa piki moja huwezi kugonga kwa wakati mmoja uzi wa juu na wa chini ukaiacha ya katikati kimya. Wapigaji wa gitaa kavu Afrika Mashariki wengi walimfuata. Na hapa hapa Dodoma alitoka Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga ilimba kwa vidole gumba hadi kurekodiwa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza. Kama gitaa lako lina nyuzi za nailoni, jaribu kwanza vidole. Nyuzi hizo ni laini, na piki ngumu huzila haraka.

Wengine watasema, sawa, lakini piki nzuri ni za nje na ni ghali. Historia inawakatalia. Mpiga udi wa taarabu kule Zanzibar hutumia risha, na jina lenyewe linakwambia ilianzia kwenye unyoya wa ndege. Piki za gitaa za zamani zilichongwa kwa gamba la ng'amba, mpaka biashara ya kimataifa ya gamba hilo ilipobanwa na mkataba wa CITES uliosainiwa mwaka 1973, na plastiki ikazidi kutawala. Brian May wa Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, amepiga kwa miaka mingi kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita. Watu walichukua kilichokuwa karibu, wakasikiliza, wakaamua.

Wewe una nini karibu? Kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Unene wa kawaida wa kadi za benki ni milimita 0.76, yaani piki ya kati kabisa. Kata umbo la pembetatu, lainisha kingo kwa msasa mpaka zisikwaruze uzi, tayari. (Kadi ya boom iache, mzee.)

Nakubali, yapo magitaa mabovu kweli. Kama nyuzi zimeinuka mbali na shingo na mkono wa kushoto unaumia hata baada ya wiki nyingi za mazoezi, hapo piki haitakusaidia, mtafute fundi. Lakini kama lawama yako iko mkono wa kulia, yaani sauti kali, kukwama, kuchoka, anza na piki. Tafuta tatu za unene tofauti. Piga wimbo uleule kwa kila moja, kisha mara ya nne kwa vidole. Jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake ukiwa umetulia. Hata ukizijumlisha zote, hazikaribii bei ya gitaa jingine.

Nasema haya kwa sababu tunapoteza wapigaji. Shughuli zetu nyingi siku hizi zinaendeshwa kwa biti za kwenye laptop huku kila korido ina gitaa lililofunikwa vumbi. Kabla hujapost "linauzwa", mpe huyo roommate wako anayelalamika asikilize hizo rekodi nne. Yeye ndiye anayekusikia kila siku. Atakwambia ipi ni yako.