Acheni Kumsingizia Mreno

Ndia Kuu, baada ya alasiri, kwenye kiduka kimoja cha vitu vya kale ambacho jina lake nitalisitiri kwa sababu mwenyewe ni mtu mwema na chai yake nimeinywa. Mezani pana bakuli la shaba lililojaa gololi. Mbele ya bakuli, kipande cha kadibodi kimeandikwa kwa kalamu nene: "Gololi za Mreno, karne ya 16". Shilingi mia tano, moja.

Nikaokota moja nikaiinua kwenye mwanga. Kioo cheupe kama maji, na ndani yake ukanda wa rangi uliojikunja kama jani. Jicho la paka.

"Kaka, hii ya Mreno kweli?"

"Hiyo? Imetoka ngomeni hiyo."

Sasa tuhesabu pamoja. Mreno alitolewa Fort Jesus na Waomani mwaka 1698. Gololi za jicho la paka ni kazi ya mashine, na zilifurika masokoni kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, miaka ya 1950. Kati ya gololi ile na Mreno wake kuna miaka mia mbili na hamsini. Ilivyo, hiyo ni gololi ya babako. Pengine babako mwenyewe ndiye aliyeipoteza, akilenga shimo kwenye uwanja wa Makadara, akarudi nyumbani na mfuko mtupu na hasira.

Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Uongo wa muuzaji tu usingenikosesha usingizi, maana biashara ni biashara. Kinachoniuma ni kwamba ukweli wa kile kioo ni mtamu kuliko uongo wake, na tunautupa ili tuuze hadithi ya mgeni aliyetupiga mizinga.

Mimi nina mkebe. Ni mkebe wa Kimbo, wa bati, ulioachwa na nyanyangu Kibokoni. Kila ua wake ulipofagiliwa, kila mvua kubwa ilipofukua udongo karibu na kisima, yeye akiona gololi aliitia mkebeni. Hakucheza tena, alikuwa mtu mzima, lakini alikuwa hawezi kuiacha chini. Nilipoufungua baada ya yeye kuondoka nilidhani ni takataka za kitoto. Imenichukua miaka miwili kujifunza kuzisoma, na niseme wazi kwamba si elimu ya siri. Yataka mwanga, kucha, na subira.

Pitisha kucha kwanza. Gololi ya mkono ina kovu. Mafundi wa Lauscha, mji mdogo wa Thuringia kule Ujerumani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1840 walikuwa wakivuta fimbo ya kioo cha moto yenye nyuzi za rangi ndani, kisha wakaikata kwa mkasi maalumu wenye kikombe kwenye ncha. Mkasi ulipokata, uliacha alama: mara nyingi mbili, moja kila upande, kama kitovu. Nyuzi za rangi zinatoka kovu moja zikijisokota hadi la pili. Ukiona hivyo, umeshika kitu kilichopita kwenye mikono ya mtu. Gololi ya mashine haina kitovu. Hiyo ni kazi iliyoshika kasi Marekani, baada ya M. F. Christensen wa Akron, Ohio, kupata hataza ya mashine yake mwaka 1905. Rangi zake huzunguka vingine, na wakati mwingine utaona mshono mwembamba tu.

Halafu kuna zile zisizo na rangi yoyote ndani, za kijani hafifu cha chupa, zenye vipovu. Watu huzitupa hizi. Wakusanyaji wa ng'ambo nao, wengi wao, huzipuuza kwa kuwa hazina urembo. Mimi nazipenda kuliko zote. Mwingereza mmoja, Hiram Codd, mwaka 1872 alipata hataza ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gololi: gesi ya soda yenyewe huisukuma gololi juu, ikakaa kwenye mpira shingoni, chupa ikafunga. Kunywa, waibonyeza chini. India chupa hizo hazijafa mpaka leo, na Delhi soda yake huitwa banta, yaani gololi. Kila zilikofika, watoto walifanya jambo moja: walivunja chupa. Kwenye mkebe wa nyanyangu zipo tisa. Chupa tisa zilivunjwa na mtoto fulani, na bila shaka alichapwa kwa angalau moja.

Kisha jaribu taa ya zambarau, ile ambayo wenye maduka Biashara Street huitumia kukagua noti bandia. Zima taa za chumbani, mulika mkebe. Kioo kilichotiwa urani hung'aa kijani kama jicho la paka wa usiku. Kwangu imeng'aa moja tu. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nije kwa binamu yangu. Nilipokuwa safarini, alichukua gololi thelathini na moja kutoka mkebeni akampelekea fundi anayesugua vito. Fundi akazitia kwenye kipipa cha kuzungusha na unga wa kusugulia, siku kadhaa. Niliporudi nikazikuta kwenye mfuko wa plastiki, zinang'aa kama peremende. Binamu alikuwa amefurahi kwa dhati. "Tazama, nimekusafishia."

Makovu yote yamekwenda isipokuwa mawili. Kati ya zile thelathini na moja, ipi ya Lauscha na ipi ya kiwandani, sasa nakisia kwa nyuzi tu. Na vijimwezi navyo vimekwenda: zile alama ndogo za nusu duara zinazobaki kioo kinapogonga kioo. Kila kijimwezi ni mpigo mmoja. Ni mtoto mmoja aliyekunja kidole gumba, akafumba jicho, akagonga, akala. Ukisugua gololi umefuta mchezo, ukabakisha kioo. Ajabu ni kwamba hata sokoni umepata hasara, kwa sababu mkusanyaji anayejua kazi yake hutoa pesa ndogo kwa gololi iliyosuguliwa.

Lakini nao hao wakusanyaji wana lao. Kipimo chao cha juu kabisa ni gololi ambayo haikuchezwa. Safi, haina mkwaruzo, imelala ndani ya boksi lake tangu dukani. Yaani gololi bora ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeifurahia! Sikubali kipimo hicho kiletwe Mvita. Hapa gololi isiyo na kijimwezi ni gololi iliyokosa bahati.

Rudi kwa muuzaji wetu wa Ndia Kuu. Nilimweleza haya yote, kwa adabu. Akanitazama, akaniuliza, "Na mimi nile ukweli wako?"

Swali la haki. Kodi ni kodi. Ila ajue anachojifungia. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inasema kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo kadibodi yake ikisema kweli, mtalii atakayepanda ndege Moi na gololi mfukoni anavunja sheria. Ikisema uongo, ni uongo. Hakuna tafsiri ya tatu inayomnusuru. Aandike "Jicho la paka, Mombasa, zama za babu zetu", auze mia tano ileile. Mgeni aliyekuja mpaka Mji wa Kale hakuja kutafuta Lisbon.

Na sisi vijana tusijitoe. Tunapiga picha milango. Milango ina vitabu, ina mafundi, ina ofisi za kuihifadhi. Shanga zina wasomi waliozipanga kwa rangi na karne tangu James Kirkman alipochimba Gedi na Fort Jesus. Hata meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipigiwa mbizi na wataalamu miaka ya 1970. Yote sawa. Lakini mlango ni wa tajiri, shanga ni za bwana na bibi, meli ni ya mfalme. Kitu gani kwenye makabati yetu kilikuwa cha mtoto? Mtoto wa Kuze, wa Bondeni, asiye na jina kwenye hati yoyote, aliyemiliki vitu vitano duniani na vitatu vikiwa gololi?

Nyumba zinabomolewa kila mwaka, na udongo wa ua unabebwa kwa mkokoteni. Simama hapo. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, angalia kabla ya lori kuondoka. Ukiokota, andika kwenye karatasi: nyumba gani, mtaa gani, kina gani, tarehe gani. Ioshe kwa maji matupu. Usiisugue. Usiitie mafuta ya nazi ili ing'ae kwenye picha, najua mnafanya hivyo.

Mimi jioni nyingi nipo barazani, karibu na Msikiti wa Mandhry, taa ya zambarau mfukoni. Leteni mikebe yenu nizitazame. Sinunui, na binamu yangu nimemkataza kukaa karibu.