Mzazi Anayelea Peke Yake na Ada ya Chuo



Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, ofisi za parokia zetu hupokea barua za kuomba msaada wa ada. Nyingi huandikwa na wazazi kwa ajili ya watoto wao, nasi tumekwisha kuzizoea. Lakini zipo barua za namna nyingine, chache, ambazo mpaka leo hatujajua namna ya kuzijibu. Hizo ni barua za mzazi anayeomba ada yake mwenyewe.

Barua mojawapo tunayo mezani tunapoandika haya. Mwandishi wake ni mama wa miaka 37, mwalimu wa chekechea mwenye cheti, anayelea watoto wawili peke yake. Baba yao aliondoka mdogo akiwa bado ananyonya. Mama huyu amemaliza mwaka wa pili wa shahada ya ualimu kwa masomo ya jioni na mwisho wa juma. Ameambatanisha hesabu yake, imepigwa mstari kwa rula kama daftari la mtoto wa shule, nasi kwa ruhusa yake tunaieleza hapa, kwa maana hesabu hiyo inasema mengi kuliko hotuba zetu.

Mshahara unaomfikia mkononi ni Sh 280,000 kwa mwezi. Chumba ni Sh 50,000, na mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mara moja. Chakula Sh 120,000. Nauli ya kazini na chuoni Sh 40,000. Jirani anayemwangalia mtoto mdogo saa za masomo humpa Sh 30,000. Zinabaki Sh 40,000, yaani Sh 480,000 kwa mwaka mzima. Alfajiri hukaanga maandazi, ambayo katika miezi ya shule humpatia faida ya Sh 400,000 hivi kwa mwaka. Ada ya chuo ni Sh 1,260,000. Basi, hata kama hakuna aliyeugua, hakuna sare iliyochanika, na hakuna msiba nyumbani kwao, kila mwaka anapungukiwa Sh 380,000. Baada ya miaka miwili pengo hilo limekuwa Sh 760,000. Kati ya hizo, Sh 560,000 anadaiwa na chuo, na Sh 200,000 alizikopa ili aweze kusajiliwa. Bila kulipa deni la chuo hataruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani.

Zile 200,000 alizikopa wapi? Kwa wale ambao mitaani mnawaita kausha damu. Alitakiwa kurudisha Sh 260,000 baada ya mwezi mmoja, na dhamana yake ilikuwa jiko la gesi na kitanda cha watoto. Riba hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, hali Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Lakini mkopeshaji wa mtaani hana programu wala ofisi. Ana daftari na vijana wawili wa kubeba vitu.

Wengine watauliza mara moja: je, hakuna Bodi ya Mikopo? Ipo. Iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, nayo imewasomesha maelfu ya watoto wa maskini, miongoni mwao vijana wengi wa parokia zetu. Hatusemi haya kwa kuibeza. Lakini miongozo yake ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, na asiwe na ajira rasmi. Mama yetu amevuka umri kwa miaka miwili, na ana ajira. Utaratibu mzima umejengwa juu ya picha ya kijana aliyetoka kidato cha sita, anayetazamwa kama mtoto wa fulani. Yule ambaye mwenyewe ni mzazi wa fulani hana mahali pa kukaa katika picha hiyo.

Tunaelewa sababu. Fedha hazitoshi, na mwenye mshahara anadhaniwa kuwa anajiweza. Hata hivyo hoja hiyo ina kasoro ambayo tunaomba wenye mamlaka waitazame upya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Maana yake ni kwamba ajira ndiyo njia kuu ambayo Bodi hurejeshewa fedha zake. Kijana asiye na kazi hukopeshwa kwa matumaini kwamba siku moja ataipata. Mama huyu anayo tayari, na makato yangeweza kuanza mwezi ujao. Inakuwaje mwenye uwezo wa kuanza kurejesha leo ndiye anayefungiwa mlango? Jirani zetu wa Kenya, ambao Bodi yao iliundwa mwaka 1995, waliweka mkopo wa watu walio kazini wakauita Jielimishe. Hatudai kwamba mambo ya Kenya hayana dosari. Tunasema tu kwamba jambo hili si la ajabu wala halishindikani.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo imewekwa kwa ajili ya vikundi na miradi ya kiuchumi. Ufugaji wa kuku ni mradi. Ada si mradi.

Sasa tugeukie upande ambao katika vikao vyetu husahauliwa, nao ni baba wa watoto hao. Yu hai, yu mjini, tena ana kazi. Sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na ukomo wa Sh 100 kwa mwezi, kiasi ambacho mwishoni kilikuwa kidogo mno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliondoa aibu hiyo. Kwa sheria hii mama anaweza kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, au kufika mahakamani, akaomba baba atambuliwe na aamriwe kutoa matunzo kulingana na uwezo wake. Kama baba huyo angetoa Sh 35,000 tu kwa mwezi, mwaka ungefikisha Sh 420,000, na pengo lote tulilolisema lingezibwa. Tulipomwuliza mama kwa nini hakwenda, alijibu kwamba anaogopa kusemwa, na kwamba hana wa kumsindikiza. Jibu hilo lilituchoma, kwa sababu Tume hii iliundwa kuwasindikiza watu wa namna hiyo hasa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, uliagiza kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kisije kikatolewa kama hisani kile ambacho mtu anastahili kwa haki. Kabla hatujapitisha bakuli la mchango, basi, hatuna budi kumtafuta baba.

Na mwajiri je? Hapa tunasema kwa woga kidogo, maana shule za chekechea katika miji yetu nyingi zinaendeshwa na parokia na mashirika ya kitawa. Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaotosha kuanzisha na kutunza familia, na kuiandalia siku za mbele. Tukisoma maneno hayo kwenye semina za viongozi, kisha tukamlipa mwalimu mshahara usiotosha kodi na unga, tunajihukumu wenyewe. Hatuwezi kuongeza mishahara kwa siku moja. Vitabu vya hesabu tunavijua. Lakini kumpa mwalimu anayesoma ruhusa ya wiki mbili za mitihani bila kumkata mshahara kunatugharimu nini?

Katika kikao kimoja cha walei jambo hili liliposomwa, mzee mmoja alisimama akasema: "Alipokuwa akizaa hakutuuliza." Watu wakacheka. Nasi tuliokuwa kwenye meza ya mbele hatukukemea, na hilo ni kosa letu. Wako wajane wanaobeba mzigo huu huu, na hakuna anayewacheka. Wako pia akina baba walioachwa na watoto. Lakini wale ambao vijana wamewabandika jina la singo maza wanahukumiwa kwanza, kisha wanasikilizwa kama muda umebaki. Mwezi Desemba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani kule Roma ilimwandikia askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa na uchungu kwa sababu mama wa namna hii katika nchi yake walikuwa wakijitenga na Komunyo kwa kuogopa ukali wa mapadre na viongozi wa jumuiya. Jibu lilikuwa wazi: mama aliyeungama asizuiwe kuikaribia meza ya Bwana, na badala ya kulaumiwa asifiwe kwa kuupokea na kuulinda uhai aliopewa. Ikiwa meza ya Bwana haimfukuzi, kikao cha walei kinamfukuza kwa mamlaka gani?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, wala hatulidharau. Wapo wanaosema: vijana wangapi wenye shahada wanaendesha bodaboda? Kwa nini mama huyu asitosheke na cheti chake? Ni kweli, si kila shahada inafaa kugharimiwa kwa damu. Kwa mwenye cheti, mara nyingi stashahada huwa hatua ya busara zaidi, kwa kuwa ni fupi na nafuu, nayo hufungua mlango wa shahada baadaye. Kadhalika, mtu asilipe hata senti kabla ya kuhakikisha kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, wala kabla ya kuulizia Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi. Mama huyu angetuuliza miaka mitatu iliyopita, pengine tungemshauri aanze na stashahada. Lakini ameshavuka miaka miwili. Akiacha sasa, shahada hana, na deni linabaki.

Sisi mapadre hatuna haki ya kuwa wepesi wa kusema watu watosheke. Tulisoma seminari ndogo, tukasoma falsafa, tukasoma teolojia, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na watu ambao hatukuwahi kuwaona. Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, linalosaidia seminari katika nchi za misioni, lilianzishwa mwaka 1889 kule Caen, Ufaransa, na Stéphanie Bigard pamoja na binti yake Jeanne. Stéphanie alikuwa mjane. Ndiyo kusema, mama na binti yake walijinyima ili watu wa mataifa ya mbali wasome. Haifai sisi, tuliofika altareni kwa sadaka ya nyumba ya mjane, tukose la kumwambia mama anayelea peke yake.

Fedha hatuna, mnasema. Tuhesabu pamoja. Katika mtaa mmoja wa parokia, mwaka jana, tulipokea kadi za mchango wa harusi kumi na moja. Kiwango cha chini kwenye kadi nyingi kilikuwa Sh 50,000, na kamati zilikutana kila Jumapili kwa miezi mitatu, zikiwa na mweka hazina, daftari, na watu wa kupiga simu kwa wasiolipa. Hatuzipigi vita harusi; sisi ndio tunaozifungisha. Tunachokiona ni kwamba ustadi wa kuchanga tunao. Watu 16 wakitoa mchango wa kadi moja tu wanapata Sh 800,000, na deni la Sh 760,000 la mama huyu linakwisha, pamoja na sehemu ya riba ya mwezi wa kwanza.

Kwa sababu hiyo Tume imeamua mambo mawili, nayo yaanze bila kungoja semina nyingine. Wajumbe wawili, mmoja wao kutoka WAWATA, watamsindikiza mama huyu, na mwingine yeyote mwenye shauri kama lake, hadi ofisi ya ustawi wa jamii. Pia utafunguliwa mfuko mdogo wa kukopeshana bila riba kwa ajili ya ada za wazazi wanaosoma. Fedha zitalipwa moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, na zitarejeshwa kidogo kidogo kwa kiasi ambacho mkopaji mwenyewe atakubaliana na jumuiya yake. Daftari litasomwa mbele ya Halmashauri ya Walei kila baada ya miezi mitatu. Yule mzee aliyetuchekesha kikaoni ameombwa kuwa mweka hazina, naye amekubali.

Limebaki jambo la watoto. Mama kadhaa wametueleza kwamba siku ngumu kuliko zote ni Jumamosi, kwa kuwa masomo huanza saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na chekechea zimefungwa. Chumba cha mafundisho ya Komunyo ya kwanza kinakuwa wazi kuanzia saa sita. Saa za asubuhi WAWATA wa Jumuiya tatu wamejitolea kupokezana majumbani. Wanaohitaji wafike kwa katekista kabla ya Ijumaa. Funguo za chumba anazo yeye.