Aliyejificha hajayeyuka

Mwandishi, hapo uliposema mhusika aliyejificha anaweza kutembea popote bila kuonekana, sikubaliani nawe. Kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons za 2024 zinamtaka kwanza awe nje ya macho ya adui, kisha dadu na ustadi wake vifikishe 15. Akifaulu, anahesabika kuwa haonekani, hadi atoe sauti inayozidi mnong'ono, ashambulie au agunduliwe. Sasa, kugunduliwa ni nini? Huku Kimumu tunaamua hivi: mwizi akichomoka kwenye mahindi akakatiza uwanja mtupu mchana, mlinzi anayetazama upande huo anamwona bila kurusha dadu. Mlinzi akimpa mgongo, apite zake. Msimamizi wa mchezo yupo kwa maamuzi kama hayo, tusimnyang'anye kazi.