Mchanga wa Ufuoni na Dari ya Nyumba

Twaona mitaani mwetu dari za zege zikimeguka na kuacha vyuma vyekundu wazi, ilhali nyumba zenyewe hazijazeeka. Lawama hutupiwa saruji. Sisi twaanzia kwenye mchanga.

Mchanga wa ufuoni una chumvi. Zege zuri huvikinga vyuma vilivyomo ndani yake. Chumvi huuvunja ulinzi huo, kutu ikaanza. Na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hulisukuma zege kutoka ndani hata likapasuka. Kupiga plasta juu ya ufa huo ni kuuficha tu. Wazee waliojenga Lamu kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hawakuwa na chuma cha kuliwa.

Basi mwenye nyumba aulize mchanga umetoka wapi kabla haujashushwa kiwanjani. Vyuma visilazwe juu ya mbao. Viinuliwe, vifunikwe na zege la angalau milimita 40. Maji yasizidishwe ili kumrahisishia fundi kazi, kwani yakikauka huacha vitundu vya kupitishia chumvi ya hewani. Kisha zege linyweshwe maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku 7 mfululizo, hata kama fundi ameshalipwa akaenda zake. Hili halina gharama ila ndoo na subira, nalo ndilo tunaloliona likipuuzwa zaidi.

Palipokwisha kumeguka, watoto wasilale chini yake hata usiku mmoja, aitwe mhandisi.