Jina la Mlima Halisomwi Hivyo

Wapo wanaodai kwamba alama za wimbi katika Kĩrĩnyaga, jina la Mlima Kenya kwa lugha ya Gĩkũyũ, ni mapambo, au ni ishara ya mkazo. Dai hili lanikera kuliko yote, kwa sababu ndilo linalofanya jina liandikwe ovyo. Gĩkũyũ kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Mbili zinazozidi ndizo ĩ, inayokaribia e, na ũ, inayokaribia o. Futa alama uone: gũtũma ni kutuma mtu, gũtuma ni kushona nguo. Fundi wa cherehani pale Karatina hawezi kuzichanganya hizo mbili. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1938, aliandika Kere-Nyaga, akiifuata sauti aliyoisikia tangu utotoni.

Wengine husema basi mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, kwa kuwa zote ni lugha za Kibantu. Hapana. Silabi ni nne, Kĩ-rĩ-nya-ga, lakini Gĩkũyũ huendeshwa na toni, sauti kupanda na kushuka, wala maandishi ya kawaida hayaionyeshi.

Eti mmisionari Krapf alilikatakata jina hilo akapata Kenya? Krapf aliuona mlima Desemba 1849 akiwa Kitui, kwa Wakamba, nao huuita Kĩĩnyaa: r na g hazimo. Hakukata kitu, aliandika alichosikia. Wazee wa Nyeri nao wanalo lao lenye vipande vyote: kĩ- inayokubaliana na kĩrĩma, yaani mlima, kisha -rĩ, "-wa na", kisha nyaga. Hapa ndipo maelezo yanapogawanyika: wengi husema ni ndege mbuni, kwa weusi wa mwamba na weupe wa theluji kama manyoya yake, Kenyatta alisema ni mng'ao.

La mwisho ni kejeli kwamba mtu wa Nyeri "anayeshrabu", yaani anayeingiza matamshi ya lugha ya mama katika Kiingereza au Kiswahili, hajasoma. Gĩkũyũ hakina l, na d hutanguliwa na n. Profesa hubeba sauti hizo kama mchuuzi. Tena zina kanuni kali: k ya kiambishi hulainika kuwa g ikifuatwa na silabi inayoanza kwa k, t, c au th. Ndiyo maana tunasema Gĩkũyũ, lakini Kĩrĩnyaga hubaki na k yake.