Kiingereza Sahihi: Lori Litakapokuja, au Litakuja Lini?

Katika nchi ya Kitui, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi na mkulima. Chukua mfano wa mkulima wa Kanyangi aliyekwisha kuvuna ndengu zake, naye anangoja lori la mnunuzi. Karani wa mnunuzi huyo aweza kumwandikia kwa namna mbili:

"I will tell you when the lorry comes."

"I will tell you when the lorry will come."

Sentensi zote mbili ni sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza husomwa hivi: "Nitakuarifu lori litakapokuja." Habari itafika pamoja na lori. Ya pili ni: "Nitakuarifu lori litakuja lini." Habari itatangulia. Aliyepata barua ya pili atakuwa na nafasi ya kutafuta mkokoteni wa punda na kufikisha magunia barabarani. Aliyepata ya kwanza sharti awe tayari siku zote, la sivyo lori litaondoka bila ya ndengu zake.

Kinachowatatiza wengi ni ile "-ta-" iliyomo katika "litakapokuja". Mtu huiona, akadhani Kiingereza nacho chataka "will" mahali hapo. Sivyo. Penye "-takapo-", Kiingereza hutumia wakati uliopo, ijapokuwa jambo lenyewe halijatokea. Penye "lini" ya siku zijazo, hutumia "will". Basi huandikwa, "When the rains come, we will plant." Kuandika "When the rains will come, we will plant" ni kosa. Kanuni ni hiyo hiyo baada ya "before", "until" na "as soon as".

Neno "if" nalo lina njia mbili. "Mvua ikinyesha, tutapanda" ni "If it rains, we will plant", bali "Sijui kama mvua itanyesha" ni "I do not know if it will rain." Tena, "If you will pay" aghalabu huwa na maana ya "ukiwa radhi kulipa", wala si "ukilipa" tu. Katika mapatano ya fedha, tofauti hiyo si ndogo.

Zoezi. Fasiri kwa Kiingereza: (1) Ngoja mpaka karani atakaporudi. (2) Uliza karani atarudi lini.

Majibu: (1) "Wait until the clerk returns." (2) "Ask when the clerk will return."