Haya Isitufanye Tukosee Dawa ya Fangasi



Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na Swala na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu zetu, akina mama na mabanati, jambo tunalolizungumza leo wengi hulinong'ona tu. Nalo ni fangasi ya ukeni. Tusingelileta hapa lau tusingaliona linakaribia kuvunja nyumba.

Alitujia baba mmoja baada ya Swala ya 'Ishaa, uso umemsawijika. Alikuwa ameona tyubu ya dawa katika mkoba wa mkewe, na rafiki yake akamwambia kwamba dawa hiyo ni ya maradhi ya zinaa. Akatuuliza: "Maalim, nimwache sasa au ningoje?" Tukamnasihi arudi nyumbani, amuulize mkewe kwa upole, kisha waende kwa daktari pamoja. Ikabainika kuwa bibi yule alikuwa ametoka kumaliza dozi ya antibayotiki ya kifua, ndipo fangasi ikamzukia. Kwa haya, alinunua dawa kimyakimya bila ya kumwuliza mtu. Na dawa yenyewe haikuwa ile aliyoihitaji.

Basi tuanze na hilo la zinaa. Fangasi hii, ambayo madaktari huiita kandida, huishi mwilini mwa watu wengi bila ya kuwadhuru. Antibayotiki zinapoua vijidudu vinavyoizuia, au mwanamke anapokuwa mjamzito, au sukari inapompanda, au kinga ya mwili inaposhuka, hupata nafasi ya kuzidi. Takriban wanawake 3 katika kila 4 huipata angalau mara moja maishani. Haihesabiwi katika maradhi ya zinaa, na hata msichana asiyeolewa huweza kuipata. Mume anayemtuhumu mkewe kwa sababu ya tyubu ya dawa na akumbuke kwamba kumsingizia mwanamke mtwaharifu ni katika madhambi makubwa.

Dalili zake ni kuwashwa, kuchomwa wakati wa kukojoa, na uchafu mweupe mzito mfano wa maziwa ya mgando, ambao kwa kawaida hauna harufu mbaya. Ukiwa na harufu ya samaki, au ni wa kijani, au kuna homa, maumivu ya chini ya tumbo, vidonda au damu, basi hayo huenda ni maradhi mengine, na dawa ya fangasi haitafaa kitu. Hapo ni kwa daktari moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa anayeyaona haya kwa mara ya kwanza, mjamzito, na msichana aliye chini ya miaka 16.

Ama dawa, inayotumika sana ni klotrimazoli. Krimu yake ya asilimia 1 hupakwa nje tu, kidogo, mara 2 au 3 kwa siku. Hutuliza muwasho, lakini haifiki ndani ulipo mzizi wa tatizo. Kwa ndani kuna kidonge cha kuingiza ukeni: cha miligramu 500 hutumika usiku mmoja tu, na cha miligramu 200 hutumika siku 3 mfululizo. Mama anaosha mikono, analala chali na kukunja magoti, anakiingiza taratibu wakati wa kulala, na kuvaa pedi kwa sababu dawa huvuja. Asikatize dozi kwa kuwa muwasho umepoa. Mjamzito asitumie kile kifaa cha kusukumia dawa bila ya maelekezo ya daktari au mkunga, wala asimeze vidonge vya fangasi kwa kujiamulia. Ni bora wanandoa wajizuie hadi dawa imalizike, na wanaotumia kondomu wajue kwamba dawa hizi huidhoofisha mpira wake.

Tahadharini sana na tyubu za mchanganyiko zilizojaa madukani, zenye dawa ya fangasi pamoja na steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Ndiyo aliyouziwa bibi yule. Muwasho hutulia upesi, mtu akadhani amepona, kumbe ngozi inazidi kuwa nyembamba na fangasi ipo pale pale. Someni jina la dawa kwenye boksi, na mwulizeni muuzaji. Msioshe ndani kwa sabuni, dawa za kuua viini wala manukato, kwani uke hujisafisha wenyewe. Siku 7 zikipita bila ya nafuu, au ikirudi mara 2 ndani ya miezi 6, nendeni mkapimwe, na kipimo cha sukari kiwemo.

Wanafunzi wetu huuliza kuhusu ibada. Uchafu huu si hedhi, hivyo Swala haiachwi na ghuslu haiwajibiki; anajisafisha na kutawadha. Ukimtoka mfululizo, atatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Kuhusu Swaumu, vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafi'i vinasema kuingiza kitu ukeni kunaifunguza, na Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 ilipitisha kuwa dawa hiyo haifunguzi. Kwa kuwa wakati wake mzuri ni usiku, aitumie usiku, na khilafu itakuwa imemwondokea.

Mwisho tujilaumu sisi walimu. Madrasa huwafunza mabanati hukumu za hedhi na nifasi, kisha tunafumba kitabu. Ummu Sulaym (Radhiya Allaahu 'anhaa) alimwuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) waziwazi iwapo mwanamke aliyeota anawajibika kuoga, na akajibiwa bila ya kukemewa. Bibi 'Aaishah naye aliwasifu wanawake wa Answaar kwa kutozuiliwa na haya kujifunza dini yao. Haya ya kweli humzuia mtu na maasi. Ile inayomzuia kupata elimu na tiba ni udhaifu tu. Tunaona kila madrasa iwe na ukhti mmoja anayeaminika, hata ikiwa ni muuguzi wa mtaani, ambaye mabanati watamwuliza bila ya khofu. Na akina baba, mke au binti akisema anaumwa, msaidieni kufika kwa daktari kabla ya kumshuku.

Yule baba na mkewe wangali pamoja, AlhamduliLlaah. Tunamwomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu na Azihifadhi nyumba zetu.

Wa Allaahu A'lam.